Kifaru Ameachwa Gorom

Zadock Okello alikuwa anaishi Milimani, mtaa wa matajiri, na hakukuacha uisahau habari hiyo. Ukimwuliza saa, atakwambia huko Milimani ni saa ngapi. Ambalo hakulisema ni kwamba anaishi nyuma ya nyumba ya watu, katika vyumba viwili vilivyojengewa mfanyakazi na mbwa, na kwamba mbwa ndiye aliyepewa kile chenye dirisha. Lakini anwani ni anwani. Mtu akisema Milimani, nani atamfuata hadi uani kuhesabu vyumba?

Hilo tumsamehe. La pili halisameheki upesi, nalo ni mapenzi yake kwa gemu moja iitwayo Mapango ya Gorom.

Gorom ilikuwa gemu ya kale, ya enzi za kompyuta zenye kitambi. Unashuka chini ya ardhi na wenzako, mraba kwa mraba, mkipigana na majitu na mizuka mkitafuta hazina. Ilikufa kifo cha kawaida, ikasahaulika, ikapumzika. Halafu juzi juzi kampuni moja ya ng'ambo ikaifukua, ikaipangusa vumbi, ikaona kumbe bila vumbi haina mvuto, ikalirudisha vumbi. Ikauzwa upya, safari hii kwenye simu, wachezaji wanne kwa pamoja kila mtu na shujaa wake. Picha zake zilikuwa za miraba miraba kama sweta ya shule. Ramani hamna, uchore mwenyewe kwenye karatasi ya hesabu. Shujaa asipokula anazimia. Akijeruhiwa hana dawa ila wote wanne walale katika hema moja. Na akifa, amekufa: maiti inabaki pale ilipoanguka mpaka mwenzake aibebe mgongoni aitoe nje ya lango, ndipo afufuliwe. Lango lenyewe hufungwa kila Jumapili saa kumi na mbili jioni. Atakayefungiwa ndani, jina lake linafutwa, na jasho lake la miezi limekwenda na maji.

Mtu mwenye akili timamu angeuliza nani anataka mateso hayo. Walioyataka ni wanaume wa umri wa Zadock, wenye mvi mbili tatu na maneno mengi. "Hii ndiyo gemu!" walikuwa wakiambiana. "Vijana wa leo wanapewa ramani, wanapewa na mshale wa kuwaonyesha njia. Kesho watataka kutafuniwa." Zadock ndiye aliyekuwa akianzisha wimbo huo. Aliapa kwamba aliicheza ile Gorom ya kwanza akiwa sekondari. Kweli yenyewe ni kwamba aliitazama juu ya bega la binamu yake, ambaye hakumruhusu kugusa hata kitufe kimoja, lakini miaka imepita na binamu yuko Qatar, basi nani wa kumkanusha?

Kikosi chake kilikuwa na watu wanne. Yeye ndiye kiongozi, mwenye upanga. Waswa, kinyozi wa Manyatta, alikuwa mganga wa kurusha moto. Nasike, muuza mitumba, alikuwa mwizi wa kufungua makufuli, na alikuwa akisema hiyo ni kazi kama kazi nyingine. Wa nne aliitwa Kifaru, mbilikimo mwenye ndevu za kufika mkandani na ngao kubwa kama mlango.

Huyu Kifaru hakuna aliyemjua. Jina lake lilijitokeza tu baada ya Krismasi kwenye simu ya Zadock, likiomba kujiunga. Hakuwahi kutumia sauti hata siku moja. Aliandika, kwa herufi kubwa tupu, na hakusahau nukta. "MLANGO WA KULIA UNA MTEGO. NIMECHORA." Zadock alikata kauli kwamba ni kijana wa chuo kikuu huko Eldoret, mpole, mkimya, aliyelelewa vizuri.

Kila jioni kikosi kilipokutana hemani, Zadock alianza na kazi ya kiongozi, yaani kuhakikisha hakuna atakayemzimikia vitani. "Waswa, umekula? Nasike, umekula? Kifaru, umekula?" Na Kifaru alijibu, "NIMEKULA. ASANTE KWA KUULIZA." Waswa alicheka sana na hiyo asante. Nani hushukuru kwa kuulizwa habari za mkate wa gemu?

Waswa na Nasike walipokwenda zao, Zadock alibaki hemani na Kifaru akimwaga ya moyoni. Na ya moyoni, mara nyingi, yalikuwa mama mkwe wake. Mama Perez alikuwa mwalimu mkuu mstaafu, mjane, anakaa Sondu. "Ndugu yangu Kifaru," Zadock alisema, "huyo mama ukimsalimia unahisi sasa atakuuliza saba mara nane. Ananiangalia kama nimechelewa gwaride. Krismasi nilimpa simu yangu ya zamani, nzuri tu, imepasuka kona moja, akasema asante kama mtu anayepokea mtihani aliofeli."

Kifaru akaandika: "MPIGIE SIMU KILA JUMATANO. USIONGEE SANA. MWULIZE HABARI ZA NG'OMBE." Zadock akajaribu. Lo! Mama mkwe akaanza kulainika, hata Debra, mke wake, akashangaa. Zadock alijipiga kifua kwamba ameokota mshauri huko chini ya ardhi ambaye hata wazee wa ukoo hawamfikii.

Sasa njoo Jumamosi. Alasiri hiyo walikuwa chini kabisa, mahali ambapo hawajawahi kufika, wakakutana na Jitu la Mawe. Moto wa Waswa uliisha. Nasike akabaki na kisu cha kumenyea viazi. Nyuma yao palikuwa na mlango mmoja mwembamba, na Kifaru akajisimamisha katikati yake na ngao.

"PITENI. NITASHIKA MLANGO."

Zadock akapita wa kwanza, maana kiongozi huonyesha njia. Kifaru akashika mlango mpaka wa mwisho akavuka, ndipo akaanguka. Jitu likarudi pangoni kwake likikokota miguu.

Hapo ndipo Zadock angemtia mwenzake mgongoni. Lakini sheria ya Gorom ni kwamba abebaye maiti hawezi kushika silaha, na Zadock aliogopa, tuseme tu ukweli, aliogopa kama kuku. Sheria nyingine inamruhusu kiongozi kuchukua vitu vya marehemu. Hiyo hakuiogopa. Alichukua ngao, akachukua koti la chuma, akavua na viatu, kwa usalama wa kikosi. Akamwacha Kifaru chali ukumbini na fulana na ndevu.

"Tutarudi kesho," akawaambia wenzake. "Mimi siachi mtu."

Wafu wa Gorom huruhusiwa neno la mwisho kabla kioo chao hakijawa cheusi. La Kifaru likaja: "ZADOCK. USINIACHE HUKU." Zadock alilitazama, akazima simu akaenda kula. Ugali haukushuka vizuri.

Jumapili alipanga kushuka mara tu baada ya kanisa. Hata tai hajafungua, Debra akaingia na simu mkononi, uso umebadilika.

"Lorine amepiga kutoka nyumbani," alisema. Lorine alikuwa mke wa kaka yake Debra, wanaoishi boma moja na mama. "Mama hajakula tangu jana. Analia tu. Hasemi. Twende Sondu."

"Leo?" Zadock alisema. "Haiwezi kungoja kesho?"

Debra aliubeba mkoba wake. Akamtazama, na Zadock akaenda kuomba gari la mwenye nyumba.

Walipofika Sondu walikuta boma limejaa kama kuna msiba. Mzee Owiti, ndugu wa marehemu baba mkwe, alikuwa ameketi kwenye kiti cha plastiki na fimbo katikati ya magoti. Pasta Wandera alikuwa amevua koti na kukunja mikono ya shati, ishara kwamba maombi ya leo si ya mchezo. Nyuma ya migomba, kando ya choo cha zamani kilichoachwa miaka mingi, Mama Perez aliketi kwenye kigoda, shali imemfunika mpaka kidevuni, macho mekundu.

"Ni hiyo shimo," Lorine alinong'ona akiwapokea. "Kila jioni anaenda kukaa hapo. Ati anapunga hewa. Hewa gani iko kwa choo? Anachora chora alama kwa karatasi. Mara anacheka peke yake. Juzi nimemsikia anasema 'Piga! Piga yeye kichwa!' Na hakuna mtu! Jana akapiga nduru moja, uwii, halafu akanyamaza mpaka saa hii."

"Shimo lina roho," Pasta Wandera alisema. "Imemkamata."

Zadock alisikia hayo kwa sikio moja. La pili lilikuwa Gorom. Alikwenda kuketi nyumba ya shemeji yake, upande wa pili wa boma, kama inavyotakiwa. Mtu na mama mkwe wake hawachangamani: humshiki mkono ovyo, huli naye sahani moja, na kulala chini ya paa lake ni jambo ambalo hata ukilifikiria unatema mate. Atakayevunja mwiko huo, chira, ile laana ya wavunja mwiko, itamtafuta, akonde mpaka suruali imkimbie. Zadock, pamoja na Milimani yake yote, aliamini hilo sawasawa na wenzake.

Akatoa simu. Mtandao hamna.

"Shemeji, hapa network inashika wapi?"

"Hapa haiko," Lorine alisema. "Inashika tu kule nyuma, kwa hiyo shimo."

Alilisema hivyo hivyo, kama unavyosema mvua itanyesha. Boma zima lilijua mtandao uko pale, na boma zima lilikuwa limekesha kujiuliza mama hufuata nini pale. Zadock naye hakuunganisha. Alisikia tu kwamba kuna mtandao, akaenda, akajibanza nyuma ya mgomba mbali kidogo na mama mkwe, huku Pasta akianza.

"Wewe roho wa shimo!" Pasta alipaza sauti. "Kama uko ndani ya mama huyu, jibu!"

Kengele ikalia.

Ilikuwa kengele nzito, ya kanisa la zamani, ngo, ngo, ngo. Zadock aliijua. Hiyo ndiyo kengele ya Gorom, inayowaonya wachezaji wote duniani kwamba lango linakaribia kufungwa. Ilikuwa inalia mkononi mwake. Na ilikuwa inalia, sawia, pigo kwa pigo, ndani ya shali ya Mama Perez.

Watu walirudi nyuma hatua moja wote, Pasta akiwa mbele yao katika kurudi huko. Mama Perez akaingiza mkono ndani ya shali kuizima, na simu ikachungulia, simu iliyopasuka kona moja.

Zadock aliitambua kama unavyomtambua mtoto wako. Krismasi alikuwa ameipangusa, akaifunga kwa karatasi ya maua, akatangaza Milimani nzima kwamba amemnunulia mama mkwe simu. Ila hakufuta kitu. Picha zake, nyimbo zake, Gorom yake, na jina lake likiwa la kwanza kwenye orodha ya marafiki.

Yawa! Aliushika mgomba. Miezi yote hiyo amelala hema moja na mama mkwe wake. Amemtukana mama mkwe kwa mama mkwe. Amemshauri Kifaru aachane na wanawake wa Eldoret. Na jana, Mungu wangu, jana amemvua mama mkwe koti, amemvua viatu, akamwacha na fulana mbele ya Jitu la Mawe, akakimbia.

Mama Perez alimwangalia mara moja tu, akageuza uso. Hapo Zadock akajua kwamba mama mkwe alijua tangu mwanzo.

"Mmesikia?" Pasta alikuwa amepata tena ujasiri. "Imejibu! Na nusu imemwingia mkwe! Hiyo simu ndiyo mlango wake. Itupwe humo shimoni, shimo lizibwe leo leo."

"Ni haki," Mzee Owiti alisema. "Lakini simu ni zawadi ya mkwe wetu. Zadock, wewe ndiye uliileta. Sema itupwe."

Watu wote wakamgeukia. Ilikuwa rahisi sana. Neno moja, "itupwe", na hakuna atakayejua kitu mpaka mwisho wa dunia. Mama Perez asingesema. Heshima yake ilikuwa imefungwa kamba moja na ya Zadock. Alikuwa ameinamisha kichwa, ameishika simu kwa mikono miwili, na machozi yalikuwa yanadondokea kwenye ile kona iliyopasuka. Zadock alikumbuka maneno ya mwisho ya Kifaru.

"Isitupwe," alisema.

"Unasema?"

"Hakuna roho, Mzee. Ni gemu." Na akaeleza. Alieleza vibaya, akirudi nyuma na kuruka mbele, akiapa kwamba hakujua, lakini alieleza yote: mapango, Kifaru, lango, saa kumi na mbili. Alipofika kwenye hema alijaribu kupita upesi.

"Ngoja hapo," Mzee Owiti alisema. "Hema moja?"

"Moja, Mzee."

"Mnalala?"

"Wanne, Mzee. Na nguo za chuma."

Lorine alijifunika mdomo. Debra alikuwa anamtazama mume wake kama mtu anayejaribu kukumbuka alimpata wapi.

"Na wewe, Min Debra," Mzee akamgeukia Mama Perez, shemeji yake, akimwita mama wa Debra kwa kilugha, sauti imeshuka, "mtu mzima, mwalimu, mama wa kanisa, umejua ni mkwe wako, na umeendelea kwenda. Ulifuata nini huko?"

Mama Perez aliifuta simu kwa ncha ya shali. Kisha akasema, bila kuinua macho, "Tangu ndugu yako afe, jioni mnapita mlangoni kwangu mnaniuliza kama ng'ombe wameingia. Mnaniuliza kama nimefunga mlango. Huko chini kuna mtu huniuliza kama nimekula."

Debra akainamisha kichwa.

Ungedhani maneno hayo yangemaliza kikao. Huwajui wazee wa Sondu! Mzee Owiti alikohoa, akaita viti, na baraza likaanza hapo hapo kando ya choo. Swali la kwanza lilikuwa kama mbilikimo mwenye ndevu anaweza kuwa mama mkwe wa mtu. Mzee mmoja alisema ndevu zinamtoa mtu kwenye umama mkwe. Mwingine akauliza, na je, Min Debra mwenyewe akiota ndevu uzeeni, atakoma kuwa mama mkwe? Swali la pili likawa kama fulana ni uchi. Swali la tatu, lililochukua muda kuliko yote, likawa kama chira inaweza kupita kwenye mtandao, na Pasta Wandera, ambaye nusu saa iliyopita alikuwa amepitisha pepo mzima kwenye simu, akasema kitaalamu hilo haliwezekani.

Jua lilikuwa limeshaegemea upande wa ziwa. Kengele ikalia tena, simu mbili kwa pamoja.

"Mzee," Zadock alisema, "lango linafungwa. Lazima nimbebe sasa."

"Umbebe wapi?"

"Mgongoni."

Baraza likaguna zima. Mama mkwe mgongoni! Mzee Owiti alipiga fimbo chini. "Hilo ni zito. Hilo hatuwezi kuliamua kwa haraka. Tunaahirisha mpaka Jumapili ijayo, tualike na watu wa Nyakach."

"Jumapili ijayo atakuwa amefutwa!"

"Basi ndiyo utaratibu."

Zadock alimtazama Mzee, akawatazama wazee wengine wakitikisa vichwa kwa raha ya watu walioahirisha jambo. Aliogopa. Aliogopa chira, aliogopa Debra, aliogopa jinsi habari hii itakavyosimuliwa matangani miaka ishirini ijayo. Kisha akapiga moyo konde, akawapita wote, akaenda mpaka ukingoni mwa lile shimo ambako mtandao ulishika vizuri, akamgeuzia mama mkwe mgongo kwa adabu, na kumpigia Waswa.

"Acha kila kitu. Tunamfuata Kifaru."

"Niko na kichwa cha mtu hapa, nimefika nusu!"

"Mwache na nusu!"

Waswa akashuka, Nasike akashuka, na Zadock mbele yao. Safari hii hakuongoza kwa maneno. Walikimbia mraba kwa mraba, ngazi kwa ngazi, wakaingia ule ukumbi, na pale chini alikuwapo, ndevu juu, fulana nyeupe, mikono imetandazwa. Zadock akamrudishia koti lake. Akamrudishia ngao. Akaweka upanga wake chini, maana sheria ni sheria, na akabonyeza "Beba".

"Uwii," Lorine alisema nyuma yake. Maana baraza lote lilikuwa limeshaacha viti na kumzunguka, kuhakikisha uvunjaji wa mwiko unashuhudiwa ipasavyo.

Jitu likaamka. Waswa na Nasike wakalichokoza mbali, na Zadock akakimbia na mzigo wake bila silaha. Kwenye njia panda ya tatu akapotea. Ramani ya sehemu hiyo hakuwa nayo. Ramani siku zote alikuwa nayo Kifaru.

Karatasi ikasikika ikifunguliwa nyuma yake. "Debra," Mama Perez alisema, sauti ya mwalimu mkuu imerudi, "mwambie ageuke kaskazini."

Debra alisitasita. "Amesema ugeuke kaskazini."

"Mwambie mama nimegeuka."

"Amegeuka, Mama."

"Mwambie milango miwili ya kwanza aache. Aingie wa tatu. Mwambie asikimbie ovyo, kuna mtego."

"Mama anasema usikimbie ovyo."

"Kushoto!" Mzee Owiti alipiga kelele ghafla, pua imekaribia kugusa kioo. "Kushoto, kuna kitu inakuja kushoto! Piga yeye!"

"Siwezi kupiga, Mzee, nimebeba!"

"Basi kimbia, ora, mkwe wangu! Unangoja nini? Kimbia na mama wa watu!"

Pasta Wandera alikuwa amefumba macho, anaomba kwa kunena kwa lugha. Kengele ya mwisho ikaanza, ngo, ngo, na lango likaonekana juu ya ngazi, mraba wa mwanga usiozidi ukucha, unajifumba. Zadock akapanda, Waswa nyuma, Nasike nyuma, mizuka ikiwashika visigino, na boma zima likipiga kelele "panda, panda, panda!" Wakatoka. Lango likagonga nyuma yao.

Kwenye kanisa la Gorom mshumaa ukawashwa, na Kifaru akaketi. Makofi yaliyopigwa pale yaliwatoa kuku migombani. Mzee Owiti alimkumbatia Pasta, kisha akakumbuka cheo chake akamwachia.

Zadock alitaka kusema kitu, lakini hakikuwa cha kusemwa na mkwe. Basi akaandika kile alichokizoea.

"Kifaru, umekula?"

Nyuma yake, hatua chache tu, alisikia kidole kikigonga kioo taratibu, herufi kwa herufi.

"BADO."

Debra alikuwa amelisoma juu ya bega la mume wake. Alilisoma mara mbili. Kisha akajifuta uso kwa mkono, akakatiza uani akaenda jikoni mwenyewe, bila kumtuma mtu. Akarudi na samaki ngege na ugali na maji ya kunawa, akachuchumaa mbele ya kigoda cha mama yake, akammiminia. Mama Perez akanawa. Akala tonge la kwanza, akala la pili, na watu wakajifanya wanaangalia ng'ombe.

Mzee Owiti alitangaza kwamba baraza limefikia uamuzi bila kuahirisha: Kifaru ataruhusiwa kuendelea, ila atalala nje ya hema akilinda, na hema lielekezwe mashariki. Zadock alisema gemu haina namna hiyo. Mzee akasema kampuni iandikiwe. Kisha akamvuta mkwe pembeni akamwuliza kwa sauti ya chini kama huko ndani wanachukua watu wa rika lake.

Simu ya Zadock ikatetemeka. Mama Perez alikuwa anakula kwa mkono wa kulia na anaandika kwa wa kushoto.

"NGAO NIMEPATA. KOTI NIMEPATA. VIATU VYANGU VIKO WAPI?"

Zadock akaangalia miguu ya shujaa wake. Damu ikampanda usoni. Akainama juu ya simu, ukoo mzima ukimtazama, akavivua.